Koili Niliyoipeleka Ukweni

Mimi ni mtu wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukoba, na hapa Mwanza sisi tuna sifa yetu. Wanasema tunajisikia. Wanasema tukikosa wa kutusifu tunajisifu wenyewe, na hata tukipotea njia tunambishia anayetuelekeza. Nimebishana na maneno hayo tangu ujana, na mara nyingine nimebishana kwa ngumi. Siku hizi sibishi tena. Kwa haya yaliyonikuta ukweni, nikibisha nitakuwa mnafiki.

Nilikuwa fundi wa kusuka mota katika kiwanda cha nguo kule Nyakato. Mota ya mashine ikiungua, tuliivua nyaya zake zilizogeuka nyeusi, tukaisuka upya kwa waya wa shaba, tukaipaka vanishi na kuirudisha mahali pake ikanguruma. Kazi ya heshima ile. Nikipita mtaani na ovaroli yangu ya bluu watu walijua huyu si mbeba marobota. Halafu likaja soko huria. Mitumba ikamwagika mjini, kanga zetu zikalala ghalani, mashine zikaanza kuzimwa moja baada ya nyingine. Sisi wa karakana tulikuwa miongoni mwa wa kwanza kuambiwa twende tukapumzike. Ndivyo walivyosema, tukapumzike, na mimi kichwani sikuwa na mvi hata moja.

Mke wangu hakupumzika. Yeye ni Msukuma wa Buswelu, mtoto wa mkulima mwenye ng'ombe na majaruba ya mpunga, na kwao mtu hakai kusubiri mambo yajirekebishe. Nilikuwa bado nakaa kitandani asubuhi nikimlaani meneja, yeye tayari ameteremka mwaloni Kirumba, mitumbwi inakoshushia samaki, kuchukua dagaa wakavu na kuja kuwauza Nyakato kwa kopo, binti yetu mchanga akiwa mgongoni. Dagaa wale ndio waliotulisha. Niseme wazi kwamba nilikuwa naona aibu. Nilikula chakula cha mwanamke nikiwa nimeinamia sahani, na nikishiba nilitafuta kisingizio cha kukasirika ili nitoke nje.

Alikuwa na mdomo, mke wangu. Nilimpendea mdomo wake kabla sijaupenda uso wake. Siku ya kwanza tulipokutana aliniambia suruali yangu imemzidi umri mwenye kuivaa, na nikacheka mpaka nikasahau nilikuwa nakwenda wapi. Hakuna kosa aliloliacha lipite. Ukikohoa vibaya anakuambia. Ukidanganya, hata kidogo, hata kwa kuremba hadithi tu, anakukata hapo hapo mbele ya wageni: "Fundi, acha hizo, haikuwa hivyo." Nami nilikuwa mtu wa kuremba hadithi, kwa hiyo hatukukosa kazi sisi wawili.

Siku tulipooana baba yake alitupatia baiskeli, nyeusi, imara, yenye kiti kikubwa cha nyuma cha kubebea mizigo. Mke wangu alitaka niitumie kumbebea dagaa. Hakuomba kwa kulia wala kwa kununa. Alisema tu, "Wewe una miguu, baiskeli ina magurudumu, dagaa wana uzito. Shida iko wapi?" Shida ilikuwa kwamba njia ya kurudi inapita mbele ya geti la kiwanda, na pale getini palikuwa hapakosi wenzangu wa zamani, wale waliobakizwa na wale waliokuja kusikilizia kama kuna chochote. Mimi, fundi wa karakana, nipite pale nikinuka dagaa, nikisukuma gunia la mke wangu? Bora nife njaa, nilijisemea, huku tumboni nina ugali wake.

Ndipo ikaja koili.

Miongoni mwetu tuliopunguzwa kulikuwa na fotokopi ikizunguka mkono kwa mkono, imefifia, imechorwa msumari uliozungushiwa nyaya. Sijui ilianzia wapi. Ilieleza kwamba koili ya kawaida husukwa kwa waya mmoja, na huo ndio ujinga wa dunia. Wewe suka kwa nyaya mbili zinazokwenda sambamba, bega kwa bega, kama maksai wawili kwenye nira, mzunguko kwa mzunguko hadi mwisho. Koili hiyo, ikipitiwa na sumaku, itatoa umeme mwingi kuliko nguvu uliyoitia, na ukiipanga vizuri itajiendesha yenyewe. Mtu mwenye akili timamu angeuliza kwa nini basi nchi nzima inakatiwa umeme. Mimi sikuuliza. Nilijua kusuka koili kuliko yeyote katika kota zile za wafanyakazi tulimokaa, na nilihitaji sana kitu cha kufanya kinachofanana na kazi.

Nikaigeuza baiskeli ya baba mkwe miguu juu chumbani kwetu. Nikafunga sumaku kwenye spoku za gurudumu la nyuma, sumaku nilizozitoa kwenye spika mbovu. Nikanunua nyaya kwa wauza vyuma chakavu, nikazinyoosha, nikazipaka vanishi. Kusuka nyaya mbili kwa pamoja kunahitaji mtu wa kuzishikilia zisipishane, na mtu wangu alikuwa yeye. Alikaa juu ya ndoo, waya mmoja kila mkono, akiwa bado na magamba ya dagaa kwenye vidole. "Nimeolewa na fundi," akasema, "nimegeuka nguzo ya umeme." Nilimwambia anyamaze ananichanganya. Lakini nilifurahi, nakumbuka nilifurahi, na yeye alijua.

"Si ununue dainamo tu?" akauliza. "Zimejaa sokoni. Unaifunga kwenye tairi, unawasha taa mpaka Magu."

Nikamweleza kwa dharau kwamba dainamo inakula nguvu ya miguu yako, haina maajabu yoyote, ni kitu cha watoto. Hii yangu itajizungusha. Tukishamaliza hii ndogo tutafanya kubwa, na tukishafanya kubwa, mitaa yote ya Nyakato itakuja kupiga foleni mlangoni kwetu. Alinitazama huku akiuma mdomo ili asicheke. "Debe tupu," akasema, "haliachi kuvuma." Nikalirusha koleo ukutani. Ndivyo nilivyokuwa.

Niseme jambo moja kuhusu koili hii, maana bila hilo hamtanielewa mbele. Nyaya zikiwa mbili, ncha ni nne: mianzo miwili na miisho miwili. Lazima uunge mwisho wa waya wa kwanza na mwanzo wa waya wa pili. Hapo nyaya zinasaidiana. Ukikosea ukaunga mwisho kwa mwisho, kila kinacholetwa na waya huu kinafutwa na waya ule, na unabaki umeshika shaba tu. Kwa macho ncha zote nne zinafanana. Mimi nilizitofautisha kwa kuzikunja: mianzo nilikunja vitanzi, miisho niliiacha imenyooka.

Mchana mmoja ikawaka. Nilizungusha kanyagio kwa mkono mpaka jasho likanitoka, na balbu ya tochi ikaonyesha uzi mwekundu ndani yake, mwembamba, kama moto wa sigara. Nilipoacha kuzungusha, ikazimika. Haikujiendesha hata kidogo. Dainamo ya sokoni ingeichekelea. Lakini nilitoka nje nikatangaza kota nzima kwamba umeme umepatikana, na jirani yangu, mzee mmoja tuliyekuwa naye karakana, alipouliza kama imejizungusha yenyewe nilimjibu, "Bado kidogo tu."

Hilo "bado kidogo tu" lilikula msimu mzima. Mke wangu alipohitaji baiskeli, ilikuwa imefungwa sumaku. Aliomba, nikasema kesho. Akaomba tena, nikasema kesho. Alianza kubeba gunia kichwani kutoka mwaloni, mtoto mgongoni, mpaka siku mvua ilipomkuta njiani na dagaa wote wakalowa wakawa uji. Aliingia akiwa anachuruzika maji. Nilikuwa nimeinama kwenye gurudumu na sikuinuka. Nilimsikia akitua gunia. Nikangoja anitukane, maana hiyo ilikuwa haki yake na mimi nilikuwa na majibu tayari. Akasema tu kwamba kesho atakwenda Buswelu kuwasalimia wazazi.

Akaenda, na hakurudi.

Nilikaa. Nilijidanganya kwamba anasaidia palizi. Hatimaye akaja kaka yake, shemeji yangu, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono ya kushika plau, akakataa kuketi, akasema, "Mzee anakuita. Uje uzungumze." Kila mtu aliyeoa anajua maana ya mwito wa namna hiyo. Mke amekimbilia kwao, na mume anatakiwa kwenda kueleza kama anamtaka au hamtaki.

Jirani yangu yule mzee alinifundisha cha kufanya. "Tafuta mtu mzima akusindikize. Chukua sukari na majani ya chai, mkono mtupu haulambwi. Ukifika, kaa chini, sema nimekosa. Usiongeze neno. Watakusemasema kidogo, halafu utapewa mkeo." Alikuwa tayari kunisindikiza yeye mwenyewe. Ningemsikiliza nisingekuwa na hadithi hii, na ningefurahi kutokuwa nayo. Nilimjibu kwamba mimi sikukosa. Walichokosa wao ni kuelewa. Wakiiona kwa macho yao ikiwaka, watajua binti yao hakuolewa na mvivu. Yule mzee akatikisa kichwa. "Unaitwa ukaombe msamaha," akasema, "wewe unakwenda kufanya maonyesho."

Ndicho nilichofanya. Nikafunga koili kwenye mfuko wa rambo, nikaisukuma baiskeli mpaka Buswelu na sumaku zake kwenye spoku, peke yangu, bila mzee, bila sukari. Njiani nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba.

Boma la baba mkwe wakati huo lilikuwa bado ni shamba, mihogo huku na mawe makubwa kule, zizi la ng'ombe katikati ya vinyesi vilivyokauka. Nilimkuta ameketi nje na wazee wawili wa jirani, wamealikwa kusikiliza. Shemeji alikuwepo. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba kubwa, mtoto mgongoni, na uso wake ulikuwa umefungwa. Mama mkwe sikumwona, na sikutakiwa kumwona. Kwa Wasukuma wa rika lao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Akitokea huku, wewe unageukia kule. Nilijua tu yuko jikoni, kwa sababu moshi ulikuwa unatoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Sikukaa. Hapo ndipo nilipoanza kuharibu, na watu wale hawakuonyesha kwa namna yoyote kwamba nimeharibu. Baba mkwe akauliza habari za Nyakato, nikajibu. Akauliza habari za afya. Kisha akanipa nafasi, na nafasi ile ilikuwa ya kusema neno moja tu. Mimi nikasema, "Baba, kabla ya maneno mengi, naomba niwaonyeshe kitu."

Nikaisukuma baiskeli hadi upande wa jiko palipo tambarare, wote wakanifuata, nikaigeuza miguu juu mbele ya wazee. Baiskeli ya baba mkwe, aliyotupatia kwa mkono wake. Aliitazama ile migongo ya sumaku kwenye gurudumu, akaitazama kamba niliyofungia. Nikawahutubia. Nikasema kuhusu maksai wawili na nira, nikidhani ninawasaidia kuelewa. Nikasema kuna siku boma hili litawaka taa kila pembe na hawatalipa hata senti. Mzee mmoja akaguna kwa adabu. Kwa pembe ya jicho nilimwona mke wangu anatazama chini.

Nikatoa koili mfukoni, nikaifunga kwenye fremu karibu na gurudumu. Safari ilikuwa imezipindapinda ncha, vitanzi vingine vimenyooka, lakini bado nilikuwa ninazijua. Nilikuwa nimeshika mwisho wa waya wa kwanza kwa mkono wa kushoto na mwanzo wa waya wa pili kwa mkono wa kulia, tayari kuziunga, na mlango wa jiko ukafunguka.

Mama mkwe alikuwa ametoka na beseni la maji, hajui kama tumehamia upande ule. Nilimwona. Aliniona. Akatoa sauti ndogo ya kushtuka, akajifunika uso kwa kanga, na mimi nikaruka kugeuka kama mtu aliyeungua. Wazee wote wakageuza nyuso zao. Tulikaa hivyo, wanaume wazima tumeelekea mihogo, mpaka tuliposikia mlango unafungwa. Nilipogeuka tena nilikuta nimeziachia ncha zote nne. Zilikuwa zimelala mavumbini. Nikaona haya kuinama kuzichunguza mbele ya watu kama mtu asiyejua kazi yake. Nikaokota mbili, nikaziunga. Nyingine mbili nikazifunga kwenye balbu.

"Shemeji, zungusha."

Shemeji akazungusha. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu, gurudumu lilivuma, sumaku zikawa duara moja. Niliinua balbu juu ili kila mtu aone. Kila mtu aliona. Haikuwaka. Nikaifunika kwa kiganja kuikinga na jua, nikachungulia. Ndani palikuwa peusi. Na hapo hapo nilijua, maana nilizitazama ncha nilizounga na zote mbili zilikuwa za miisho. Ilikuwa kazi ya kupumua mara mbili tu: kufungua hii, kufunga ile, ingewaka. Nilifungua mdomo kusema, "Subirini kidogo."

"Imewaka," akasema baba mkwe.

Nilimtazama. Alikuwa ananitazama kwa upole mkubwa.

"Imewaka," akasema tena. "Tumeiona."

Mzee wa kulia akasema ndiyo, imewaka, tena vizuri. Mzee wa kushoto akasema yeye macho yake ni mabovu lakini hata yeye ameona. Shemeji aliacha kuzungusha, akajifuta jasho. "Imewaka, shemeji. Hongera." Na kutoka jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo, ambako mtu asingeweza kuona chochote hata kama jua lenyewe lingeshushwa uani, mama mkwe akapiga kigelegele.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Watu wa boma lile wasingekubali mkwe wao aumbuke kwenye uwanja wao. Mkwe akimwaga mchuzi, ni paka aliyepita. Mkwe akianguka, ni jiwe lililosogea. Nililijua hilo tangu nilipooa, nililicheka hata, na sasa nilikuwa nimesimama ndani yake na balbu mkononi. Kwa sababu ili niunge upya zile ncha, ilibidi kwanza niseme haikuwaka. Na kusema haikuwaka ilikuwa ni kumwambia baba mkwe, mbele ya wazee wenzake, kwamba amedanganya. Sikuweza. Au niseme ukweli wote: kuna sehemu yangu haikutaka. Sehemu ile ilikuwa tayari imeanza kupokea hongera.

"Asante, baba," nikasema.

Akamgeukia binti yake. "Basi mwenzio ametuonyesha kazi anayofanya. Funga mizigo yako."

Hapo nikamtazama mke wangu. Alikuwa bado mlangoni, na safari hii alikuwa ananitazama usoni moja kwa moja. Alikuwa ananingoja. Mtu aliyekaa juu ya ndoo akishika nyaya zile alijua kuwaka kukoje. Sijui kama alitaka nimwombe msamaha. Nadhani alitaka kitu kidogo zaidi, kwamba katika uwanja mzima uliojaa adabu, mume wake awe mtu mmoja wa kusema lililotokea. Niliinama nikaanza kuifungua koili.

Tuliondoka jua likiwa bado kali. Nilisukuma baiskeli, mzigo wake ukiwa kwenye kiti cha nyuma, yeye nyuma yangu na mtoto. Tulipita mihogo, tukapita mawe, boma likapotea. Akasimama.

"Wamekwisha kubaki nyuma," akasema. "Tuko mimi na wewe. Ile taa iliwaka?"

Nimelifikiria swali lile mara nyingi kuliko nilivyofikiria kitu kingine chochote maishani. Nimelijibu jikoni, nimelijibu msalani, nimelijibu kanisani watu wengine wakisali. Majibu yangu ya baadaye yote ni mazuri. Ninamweleza ile miisho miwili, ninacheka, naye ananiita debe tupu, tunaendelea na safari. Lakini siku ile jasho lilikuwa linaniingia machoni, nilikuwa na aibu mpaka kwenye magoti, na aibu ikizidi kwangu hugeuka kiburi.

"Iliwaka kidogo," nikasema. "Nyie mlikuwa juani, hamwezi kuona."

Alinitazama. Ningali nauona ule uso ukibadilika, si kwa hasira. Ulikuwa unatulia, ukilainika, unakuwa wa adabu.

"Sawa," akasema. "Iliwaka."

Tukaendelea kutembea.

Nitawaambia yaliyofuata kwa haraka, maana kwa macho ya watu yalikuwa mazuri. Kesho yake nilizifungua sumaku, nikaivunjavunja ile koili, nikairudisha shaba kwa muuza vyuma chakavu. Nikaenda Kirumba na baiskeli, nikapakia dagaa, nikapita mbele ya geti la kiwanda. Wenzangu waliniangalia, mmoja akanisalimia, na ikaishia hapo. Sikufa. Nilikuwa nimeogopa jambo lile msimu mzima na lilikwisha kabla sijafika kona. Biashara ilikua, watoto wakaongezeka, tukapata meza sokoni, baadaye nikafungua kibanda cha kusuka mota za pampu na za mashine za kusaga. Watu wakasema, huyu mwanamke ana bahati, mume ametulia.

Mke wangu akaanza kuniheshimu. Siwezi kulisema kwa namna nyingine. Hakuniita fundi tena, akaniita baba watoto. Nikisema mvua itanyesha, alisema itanyesha. Nikiwasimulia wageni habari za kiwandani na kuremba, kuongeza mota ambayo haikuwepo, nilikuwa nanyamaza kidogo mahali pale ambapo zamani angenikata, nikimwachia nafasi, naye alikuwa anatabasamu na kuongeza chai. Siku moja jirani yule mzee alileta utani wa koili mbele yake. Mke wangu akamjibu kwa upole kwamba taa ile iliwaka, wazee wa Buswelu waliiona wote. Jirani akanitazama. Mimi nikatazama kikombe.

Nilijaribu kumchokoza. Nilivaa shati kinyumenyume, akasema limenipendeza. Niligombana na mteja kwa kosa langu mwenyewe, akasema mteja hana adabu. Hakuwa na kinyongo, huo ndio uliokuwa msiba wangu. Alipika, alicheka na watoto, alifanya utani na wauza nyanya mpaka wakalia machozi. Nilikuwa nausikia mdomo wake kutoka chumbani, ule ule, mkali, mtamu, ukiwachana watu wengine wote. Nikitokea mimi unakunjwa vizuri na kuwekwa mahali.

Mwisho nikafanya jambo la kitoto. Nilikuwa sokoni jioni, muuza samaki anataka kumtupa sato aliyeharibika, macho yamezama, matamvua yamegeuka kijivu. Miaka ile samaki wazuri walikuwa wanapelekwa viwandani na sisi tukibakiwa na mapanki, vichwa na mifupa iliyokwisha kuvuliwa minofu, lakini hata mapanki yalikuwa bora kuliko yule. Nikamwomba anifungie. Alifikiri ni wa mbwa. Nilimbeba mpaka nyumbani nikiwa nimemshika mbali na nguo, moyo ukinidunda kama kijana anayekwenda kutongoza. Nilijisemea, huyu atamshinda. Kwa huyu lazima anitukane.

Alimfungua kwenye gazeti mezani. Nzi wakaja. Niliona pua yake ikicheza, na mkono ukirudi nyuma kidogo, na kwa nukta moja macho yake yakaniinukia, yale ya zamani, yenye neno ndani. Nikangoja. Nilikuwa tayari kupiga magoti pale pale jikoni.

"Samaki mzuri," akasema. "Asante, baba watoto."

Akamwosha kwa ndimu nyingi, akamkaanga mpaka akawa mkavu kabisa. Watoto aliwapa maharage. Mimi akaniwekea sato na ugali wa moto, akanimiminia maji ya kunawa, akaketi pembeni mikono mapajani, kama mtu anayemwangalia mgeni asipungukiwe. Nikala. Nilikula upande mmoja, nikamgeuza, nikala wa pili. Akauliza kama aniongeze.

Nikamwambia ni mtamu, lakini nimeshiba.